Ndege ya Jeshi Katika Ugomvi wa Marubani

Askari wengi wanaosoma ukurasa huu wanaifahamu ndege ya Hercules kwa ndani. Viti vyake ni vya turubai, vimefungwa ubavuni. Mizigo hukaa katikati chini ya nyavu. Na injini zake nne hunguruma kiasi kwamba mtu humwambia mwenzake neno kwa ishara ya mkono. Sisi wa idara ya uhusiano tumekwisha safiri humo pamoja na vikosi, wala hatukumbuki kumwona ndani yake mfanya biashara na mkoba wake au bibi anayekwenda kuwaona wajukuu. Lakini mwaka 1989, katika nchi ya Australia, watu wa namna hiyo walipanda ndege hizo kwa maelfu, wakakaa bega kwa bega katika turubai kama askari waendao zamu.

Nchi hiyo haikuwa vitani, wala haikupatwa na mafuriko au tetemeko la ardhi. Marubani wa ndege za abiria walishindwa kuelewana na waajiri wao juu ya mshahara, mazungumzo yakavunjika, na serikali ikaliamuru Jeshi la Anga kuziba pengo. Hivyo askari aliingizwa katika ugomvi ambao hakuuanzisha na ambao hakuwa na sauti ndani yake.

Tumeamua kuieleza habari hiyo kwa kirefu kwa sababu ya maswali tuliyoyasikia katika kantini mwezi Novemba 2022, wakati marubani wa nchi jirani ya Kenya walipogoma. Swali la kwanza liliulizwa kwa sauti kubwa: rubani ana nguvu gani hata aweze kulisimamisha shirika zima? La pili liliulizwa kwa sauti ya chini, na aliyeuliza akatazama kwanza nyuma yake: mbona sisi haturuhusiwi? Maswali yote mawili ni ya haki, na msomaji anastahili kujibiwa bila kuzungushwa.

Tuanze na Kenya, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Jumamosi tarehe 5 Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways walio wanachama wa chama chao kiitwacho KALPA waliacha kazi, ijapokuwa mahakama ilikuwa imekwisha toa amri ya kuuzuia mgomo huo. Walidai shirika lirudishe mchango wake katika mfuko wao wa akiba ya uzeeni, mchango uliokatizwa wakati wa ugonjwa wa Korona, na lilipe sehemu ya mishahara iliyozuiliwa wakati huohuo. Shirika, lililokuwa limepata hasara mwaka baada ya mwaka, lilijibu kwamba halina uwezo. Maelfu ya abiria walikwama. Tarehe 8 Novemba mahakama ya masuala ya kazi iliwaamuru marubani warejee kazini saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyofuata, nao wakarejea. Siku nne, basi. Hapana ndege ya jeshi iliyoitwa kuwabeba abiria, na mambo yenyewe yakarudi mahakamani na mezani, mahali ambapo yalistahili kuwa tangu mwanzo.

Sasa juu ya nguvu ya rubani. Mtu asiyejua kazi hiyo hudhani kwamba rubani ni rubani, kama vile dereva wa lori anavyoweza kuliacha lori moja na kulipanda jingine. Sivyo. Leseni yake humruhusu kurusha aina fulani ya ndege tu. Aliyezoea Boeing 737 hawezi kukabidhiwa Airbus kesho yake. Lazima arudi darasani, akae majuma kadhaa katika mashine ya kuigiza urukaji, kisha aruke chini ya macho ya mkaguzi. Hata akiwa ndani ya aina yake mwenyewe, hupimwa ujuzi mara kwa mara, na daktari humpima mwili; akikutwa na ugonjwa wa moyo au macho yakipungua nguvu, leseni huwekwa kabatini na riziki husimama. Kwa hiyo mwajiri hawezi kutoka nje ya lango akaokota marubani mia tano kama aokotavyo vibarua wa kupakia magunia.

Tena biashara ya ndege haina ghala. Mwenye kiwanda cha sabuni akisimamishwa na mgomo huuza sabuni aliyoiweka akiba. Mwenye ndege hana akiba: kiti kilichokwenda kitupu leo hakiuziki kesho, na huku deni la ndege yenyewe hulipwa iruke isiruke. Mgomo wa siku moja humuumiza, na wa juma moja huweza kumwangusha.

Lakini rubani naye ameshikwa. Katika mashirika mengi cheo hufuata orodha ya miaka ya utumishi. Aliyengoja miaka kumi na miwili hata akawa kapteni, akiliacha shirika lake na kwenda kwingine, mara nyingi huanza tena chini kabisa, amekaa kiti cha kulia akipokea amri za kijana. Kwa sababu hiyo pande mbili zinapokaa mezani, kila mmoja amemshika mwenziwe mahali panapouma, na kila mmoja anajua. Mazungumzo ya namna hiyo huhitaji watu wenye subira. Yakiendeshwa na watu wanaotaka kushinda tu, huwa kama walinzi wawili waliolengana bunduki usiku, kila mmoja akingoja mwenzake aitue kwanza.

Hayo ndiyo yaliyotokea Australia.

Ni nchi kubwa mno. Kutoka Sydney upande wa mashariki hadi Perth upande wa magharibi ni kilomita zipatazo 3,300, karibu sawa na kutoka Entebbe hadi Cairo. Mwaka 1989 ilikuwa na watu wapatao milioni 17 tu waliotawanyika katika miji ya pwani, na kisiwa cha Tasmania kikiwa mbali kusini, ng'ambo ya bahari. Huko ndege haikuwa anasa ya matajiri. Ilikuwa ndiyo basi la mkoani.

Kwa miaka mingi serikali ilikuwa imeyagawa mashirika makubwa ya safari za ndani kuwa mawili: Australian Airlines, mali ya serikali yenyewe, na Ansett, mali ya matajiri. Wenye Ansett walikuwa kampuni ya uchukuzi ya TNT, iliyoongozwa na Sir Peter Abeles, na kampuni ya magazeti ya Rupert Murdoch. Sheria iliwalinda wasishindane sana. Nauli zilifanana, na hata nyakati za kuondoka zilikaribiana, mambo ambayo abiria walizoea kuyacheka. Lakini mwaka 1987 serikali ilitangaza kwamba ulinzi huo utakwisha mwezi Oktoba 1990, na soko litafunguliwa. Yafaa msomaji aikumbuke tarehe hiyo. Wakuu wa mashirika walijua kwamba kabla ya siku hiyo walipaswa kupunguza gharama, na marubani walijua vilevile kwamba hiyo ndiyo nafasi yao ya mwisho ya kudai wakiwa na nguvu.

Waziri Mkuu alikuwa Bob Hawke. Mtu huyo hakuwa mgeni katika mambo ya vyama vya wafanyakazi. Tangu mwaka 1969 hadi 1980 ndiye aliyekuwa rais wa baraza kuu la vyama hivyo, liitwalo ACTU, akajijengea sifa ya kusuluhisha migomo mikubwa kwa maneno tu. Alipoingia madarakani mwaka 1983, serikali yake na ACTU walifanya mapatano: vyama vitajizuia kudai nyongeza kubwa za mshahara, na serikali nayo itawafidia wafanyakazi kwa huduma kama matibabu na kwa nafuu ya kodi, ili bei za vitu zisipande ovyo. Wafanyakazi wa viwandani, walimu na wauguzi walivumilia chini ya mapatano hayo kwa miaka sita.

Marubani walisema kwamba wamevumilia kupita kiasi. Chama chao, Australian Federation of Air Pilots, kilikokotoa kwamba mishahara yao imebaki nyuma, kikadai nyongeza ya asilimia 29.47. Wakati huo wafanyakazi wengine walikuwa wakiruhusiwa nyongeza ya takriban asilimia 6. Hawke na ACTU waliona mara moja hatari iliyopo: mtu anayelipwa vizuri kuliko mwalimu na muuguzi akipewa karibu asilimia 30, nani atamzuia mwalimu na muuguzi kudai kiasi hichohicho? Mapatano ya miaka sita yangevunjika katika muda wa juma moja. Kwa hiyo ACTU haikuwaunga mkono marubani. Chama kiliingia uwanjani peke yake, hakina jirani kulia wala kushoto, na askari yeyote ajua maana ya ubavu ulio wazi.

Tarehe 18 Agosti 1989 marubani walianza. Hawakugoma moja kwa moja. Walisema: ikiwa tutapewa nyongeza sawa na watu wa ofisini, basi tutafanya kazi saa za watu wa ofisini. Kuanzia siku hiyo hawakukubali kuruka ila kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Lazima tukiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na ujanja ndani yake, na katika baa za Sydney huenda ilichekesha. Lakini ratiba ya ndege haina mzaha. Ndege isiyotoka alfajiri haifiki mahali inapotakiwa adhuhuri, na baada ya siku mbili kila ndege ilikuwa mahali pasipo pake.

Upande wa pili ulikuwa umejiandaa zaidi ya walivyodhani. Mashirika yalikwenda mbele ya tume ya serikali ya mahusiano ya kazi, na mikataba ya pamoja iliyowalinda marubani ikafutwa. Yakaanza pia kuwashtaki marubani mahakamani mmoja mmoja, yakidai fidia ya hasara. Hebu fikiri juu ya kapteni mwenye nyumba ya mkopo na watoto shuleni, anapobishiwa hodi na tarishi wa mahakama.

Hapo ndipo chama kilipochukua hatua ambayo mpaka leo hubishaniwa na wale waliokuwapo. Tarehe 24 Agosti, siku sita tu baada ya kuanza, marubani wapatao 1,640 walijiuzulu kwa pamoja. Shabaha ilikuwa kujikinga: mtu aliyekwisha jiuzulu hawezi kushtakiwa kwa kukataa kazi isiyo yake tena. Tena waliamini kwamba mashirika hayawezi kupata marubani wengine idadi hiyo, hivyo yatalazimika kuwaita wote na kusaini.

Kwa maoni yetu hilo ndilo lililowaponza. Katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba kamanda asivunje daraja lililo nyuma yake mpaka awe na hakika ya daraja lililo mbele. Aliyegoma bado ni mwajiriwa, na mwajiri analazimika kuzungumza naye. Aliyejiuzulu ni mpita njia. Mwajiri yu huru kumchukua Juma na kumwacha Hamisi, kwa masharti mapya, kila mtu na karatasi yake peke yake. Tangu siku ile mashirika hayakuwa na chama cha kukabiliana nacho mezani, ila barua 1,640 zilizo wazi.

Serikali nayo ilikwisha tangaza hali ya hatari ya kitaifa, na Jeshi la Anga la nchi hiyo likapewa amri. Ndege za Hercules na ndege za Boeing 707 za jeshi, ambazo makao yake yalikuwa Richmond karibu na Sydney, zilianza kubeba abiria wa kiraia kati ya miji mikubwa na kwenda Tasmania. Serikali iliruhusu vilevile ndege na marubani kutoka nchi za nje kufanya safari za ndani, jambo ambalo katika siku za kawaida sheria hulikataza, na ikayapunguzia mashirika mzigo wa ada za viwanja.

Juu ya kazi ya jeshi lile hatuna la kulaumu. Waliamriwa, wakatii, wakawabeba raia salama kwa miezi, hadi Desemba. Lakini anayejua mambo ya kijeshi ataona gharama ambayo haikuandikwa katika vichwa vya habari. Kila saa ambayo Hercules inabeba abiria kwenda Hobart ni saa iliyotolewa katika mazoezi ya kudondosha askari wa miavuli, ya kutua katika viwanja vya vumbi, ya kuruka usiku bila taa. Injini huhesabiwa saa zake, nayo haiulizi kama saa hiyo ilitumika vitani au katika kuwasaidia matajiri wawili wasifilisike. Mafundi waliokesha chini ya mabawa walikesha kwa mshahara wao uleule wa askari.

Liko na jambo jingine, zito zaidi, ambalo mtu wa kiraia huenda asilione. Baadhi ya marubani waliogoma walikuwa wamejifunza kuruka ndani ya jeshi hilohilo. Afisa kijana aliyekaa katika usukani wa Hercules pengine alikuwa akijaza kiti cha mwalimu wake wa zamani. Hakuulizwa kama asilimia 29.47 ni haki au si haki. Naye, kama angeulizwa, jibu lake lisingebadili amri. Hivyo ndivyo ilivyo, wala hatusemi kwamba ingefaa iwe vinginevyo. Ila twasema kwamba waliokaa mezani na kushindwa kuelewana wangefanya vema kumkumbuka mtu huyo, kwa kuwa ndiye aliyelipa deni lisilo lake.

Australia haikuwa ya kwanza. Miaka minane kabla, mwezi Agosti 1981, waongoza ndege wa Marekani waligoma, na Rais Ronald Reagan akawapa saa 48 warudi kazini. Zaidi ya 11,000 hawakurudi, akawafukuza, na askari waongoza ndege wakaletwa katika minara ya viwanja vya kiraia. Lakini wale walikuwa watumishi wa serikali waliokatazwa na sheria kugoma, na kila mmoja alikuwa ametia sahihi yake juu ya jambo hilo. Marubani wa Australia hawakuwa hivyo. Wengi walikuwa wameajiriwa na matajiri, na ugomvi wao ulikuwa wa mali na mapato. Ndiyo maana wengine katika nchi ile waliuliza kwa nini jeshi la umma litumike kumfaa mwenye Ansett. Hawke alijibu kwamba jeshi lilikuwa likiwafaa abiria, si mwenye Ansett. Katika majibu hayo mawili kila moja lina ukweli wake, na tunakiri kwamba sisi wenyewe tumeyageuza kichwani mara nyingi bila kulala na moja.

Basi tufike katika swali lile la sauti ya chini.

Mikataba ya Shirika la Kazi Duniani juu ya haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri, yaani mkataba namba 87 wa mwaka 1948 na namba 98 wa mwaka 1949, inaiachia sheria ya kila nchi iamue ni kwa kiasi gani haki hizo ziwafikie askari wa jeshi na polisi. Nchi nyingi zimeamua zisiwafikie. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa mfano, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma katika ibara ya 41, lakini katika ibara ya 24 inaruhusu sheria ipunguze haki hiyo kwa askari wa ulinzi na wa polisi. Sababu yake si kwamba askari ni mtu mdogo kuliko rubani. Rubani akigoma, ndege hulala uwanjani na abiria hulala katika viti vya kungojea. Askari akigoma ana bunduki mkononi, na mazungumzo ya mtu mwenye bunduki na mtu asiye nayo si mazungumzo.

Eneo letu hili lilikwisha jionea. Mwezi Januari 1964, katika muda wa siku chache, askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, wale wa Uganda wakafuata Jinja, na wale wa Kenya huko Lanet. Walidai mishahara bora na maafisa Waafrika badala ya Waingereza. Madai yenyewe, ukiyatazama leo, hayakuwa ya ajabu. Mengi yake yalikubaliwa baadaye na serikali zenyewe. Lakini njia waliyoitumia iliwalazimisha viongozi wa nchi zilizokwisha pata uhuru kuwaita tena askari wa Uingereza, na katika Tanganyika jeshi zima likavunjwa na kuundwa upya. Kuna wazee wetu ambao hata sasa hawapendi kuitaja Januari ile.

Kwa hiyo jibu letu kwa aliyeuliza ni hili. Rubani ana mkataba. Anauza ujuzi wake kwa bei, na bei hiyo yaweza kubishaniwa kama bei yoyote. Askari ana kiapo. Kwa kuwa ameinyima mikono yake haki ya kubisha bei, wenye kumwongoza wanadaiwa zaidi, si kidogo, kuliko anavyodaiwa mkuu wa shirika la ndege. Chama cha marubani kikipuuzwa hugonga meza, na nchi nzima husikia. Koplo akipuuzwa hasikiki. Anayo njia moja tu, ile ya kumwendea kamanda wake kwa utaratibu, na afisa anayeiziba njia hiyo kwa dharau au kwa uvivu, akaliacha ombi la uhamisho au la posho likilala katika trei mwaka mzima, anafanya kazi mbaya kuliko ile waliyoifanya wakuu wa Ansett. Wao walikuwa na watu waliopambana nao. Yeye ana watu waliokula kiapo.

Tumekwisha ona ofisini, tukiwa tungali luteni, faili la namna hiyo: la askari aliyeomba malipo ya matibabu ya mtoto, likapitishwa meza hadi meza kwa miezi minane, kila meza ikiandika neno "kwa hatua zako". Halikuwa na adui yeyote. Halikuwa na mtu, ndivyo tuseme. Mtoto alipona, kwa fedha za mkopo, na malipo yakaja mwishowe. Lakini askari yule hakututazama tena usoni kama alivyokuwa akitutazama.

Turudi Australia, tuimalize habari.

Miezi ilipita. Mashirika yaliandika mikataba mipya ya mtu mmoja mmoja, na hapa pana jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji: mishahara iliyokuwamo ilikuwa mizuri, mikubwa kuliko ya zamani. Lakini saa za kuruka ziliongezwa pia, hivyo kazi iliyokuwa ikifanywa na wengi iliweza kufanywa na wachache. Yaani mwajiri alikubali kulipa, ila alikataa kulipa wote. Wengine walisaini mapema, wengine wakachelewa, wengine wakaapa hawatasaini kamwe. Marubani wa kigeni waliajiriwa. Hoteli za kaskazini ya Queensland, ambazo watalii wake huja kwa ndege, ziliona mikeka yao mitupu katika majira yao ya mavuno, na watu waliofukuzwa kazi humo hawakuwa marubani wala wakuu wa mashirika.

Mwezi Novemba 1989 Mahakama Kuu ya jimbo la Victoria iliamua kwamba chama na viongozi wake walikosa, na mashirika yakatunukiwa fidia ya zaidi ya dola milioni 6. Kufikia Machi 1990 mgogoro ulikuwa umezimika. Haukumalizwa kwa mkataba wa heshima. Ulizimika kama moto uliokosa kuni. Mwezi huohuo Hawke alishinda uchaguzi kwa mara ya nne.

Mamia ya marubani hawakurudi katika kazi zao. Waliuza nyumba, wakahama na jamaa zao kwenda kurusha ndege za mashirika ya Asia, ya Ghuba na ya Ulaya, wengine wakaanza tena kama marubani wasaidizi wakiwa na mvi. Wengine waliiacha kazi ya anga kabisa. Katika viwanja vya Australia aliyesaini mapema na aliyekataa waliendelea kupitana kwa miaka bila kusalimiana, na inasemekana walikuwapo waliokataa kukaa meza moja hata katika mazishi.

Soko lilifunguliwa Oktoba 1990 kama ilivyotangazwa. Australian Airlines iliuzwa kwa Qantas mwaka 1992 na jina lake likatoweka. Ansett iliendelea miaka kumi na moja zaidi. Mwezi Septemba 2001 ilifilisika, na wafanyakazi wapatao 16,000 wakaachishwa kazi, wakiwamo marubani waliosaini mikataba mipya mwaka 1989. Ndege za Hercules za Richmond zilikuwa zimekwisha rudi zamani katika mazoezi yao, na viti vyao vya turubai.